Kompaila mtambuka inajengeka kwa mwenzako, kwako inagoma: mwongozo kamili wa kutafuta chanzo

Kompaila mtambuka hukimbia kwenye mashine ya aina moja na kutoa programu za mashine ya aina nyingine. Skripti ya kuijenga ni ile ile, msimbo ni ule ule, toleo la GCC (kompaila huria ya mradi wa GNU) ni lile lile. Kwenye kompyuta ya mwenzako ujenzi unafika mwisho. Kwako unakatika njiani na kumwaga lundo la makosa. Wengi hapo hunakili mstari wa mwisho, wakautafuta mtandaoni, wakapata dawa ya ugonjwa mwingine, wakaongeza `export` mbili tatu kwenye `.bashrc`, na tatizo la pili likazaliwa juu ya la kwanza.

Lakini mwenye mashine inayofaulu na mashine inayoshindwa ana bahati kubwa: ana cha kulinganisha. Kwa hiyo kabla hujahangaika kulielewa kosa lenyewe, tafuta mashine hizi mbili zinatofautiana wapi. Mwongozo huu unafuata njia hiyo hatua kwa hatua. Mifano inahusu GCC na binutils (`as`, `ld` na zana wenzake) zinazojengwa kwenye Linux ya x86_64 ili zitoe programu za ARM (`aarch64-linux-gnu`), ila mbinu ni zile zile kwa RISC-V, kwa vidhibiti vidogo vya `arm-none-eabi`, na hata kwa mradi wa kawaida unaojengwa kwa kompaila mtambuka iliyokwisha kuwa tayari.

Hatua ya kwanza: hakikisha ni kosa lile lile

Futa saraka ya ujenzi yote. Usitegemee `make clean`, kwani huacha majibu ya zamani ya `configure` (skripti inayokagua mashine kabla ya ujenzi), na majibu hayo ndiyo mara nyingi yenye sumu. Tena GCC isijengwe ndani ya saraka ya msimbo wake. Tengeneza saraka tupu pembeni, ingia humo, kisha uite `../gcc/configure`. Kisha jenga kazi moja moja na uhifadhi kila neno:

```
set -o pipefail
make -j1 2>&1 | tee ujenzi.log
grep -nE 'error:|Error [0-9]+|\*\*\*|Killed' ujenzi.log | head
```

`-j1` ni muhimu. Ukijenga kwa kazi nyingi sambamba, kosa halisi hupita mapema huku kazi nyingine zikiendelea kuandika, na mstari unaouona mwishoni hauna hatia. Unachotafuta ni kosa la kwanza. Hiyo `set -o pipefail` nayo inazuia `tee` isifiche kushindwa kwa `make` ndani ya skripti.

Sasa rudia zoezi zima kwenye mashine hiyo hiyo mbovu, kuanzia kwenye saraka tupu. Je, limekatika pale pale? Jibu la swali hili linagawa kazi yote iliyobaki. Kosa linalotulia sehemu moja linatokana na mazingira: faili, vigeu, matoleo. Kosa linalohamahama linatokana na RAM, na mpangilio wa kazi sambamba, na saa, au na kifaa kibovu. Watu hupoteza siku nzima wakitafuta maktaba iliyokosekana kumbe ni RAM iliyoisha.

Kosa linalohamahama

Anza na RAM. Alama yake ni mstari kama huu:

```
fatal error: Killed signal terminated program cc1plus
```

Kompaila haikukosea hapo. Kerneli ndiyo iliyoiua kwa sababu kumbukumbu imejaa. Thibitisha kwa `dmesg | grep -i 'out of memory'`. Laptop yenye GB 4 za RAM na nyuzi 8 za prosesa, ikipewa `make -j$(nproc)`, itafungua kazi nane kwa pamoja. GCC ina faili zinazozalishwa na programu nyingine, kama `insn-recog` na `gimple-match`, ambazo ni kubwa sana na hula RAM nyingi kila moja. Mimi hukadiria GB 2 kwa kila kazi, hivyo laptop hiyo ipewe `-j2`. Ikiwa na swap (sehemu ya diski inayosaidia RAM), nafuu ipo, ingawa mwendo utakuwa wa kobe.

Pili, mbio za kazi sambamba. Ikiwa `-j1` inafaulu kila mara na `-j16` inashindwa mara moja moja, huenda Makefile fulani imesahau kusema kwamba faili A inahitaji faili B kwanza. Kwenye mashine ya polepole B huwahi kukamilika, kwenye mashine ya kasi A hufika kwanza na kukuta pengo. Ndiyo maana kompyuta mpya yenye nguvu inaweza kushindwa kazi iliyofanywa na kuukuu. GNU make kuanzia toleo la 4.4 ina `make --shuffle`, inayochanganya mpangilio kwa makusudi ili kasoro ya namna hii ijitokeze. Ikijitokeza, huandika namba ya mchanganyiko uliotumika, nawe unaweza kuirudia kwa `--shuffle=` na namba hiyo.

Tatu, ukiona `internal compiler error: Segmentation fault` inayotokea leo kwenye faili hii na kesho kwenye faili ile, shuku kifaa. Baadhi ya kompaila za GCC zinazokuja na mfumo hujaribu tena zenyewe, na zikiona kosa halirudi huandika `The bug is not reproducible, so it is likely a hardware or OS problem`. Amini maneno hayo. Washa memtest86+, programu ya kupima RAM, na uiache usiku kucha, na upime joto la prosesa, hasa kwenye laptop zilizotumika ambazo feni zake zimejaa vumbi.

Ukiona `Clock skew detected`, saa za mashine zinapishana, kwa kawaida kati ya kompyuta yako na seva ya faili ya NFS. `make` huamua kila kitu kwa muda wa faili; saa ikidanganya, nayo hudanganyika. Sawazisha saa kisha uanze upya kabisa.

Kosa lililotulia: kagua kwanza ulichoingiza

Endesha `sha256sum` kwa kila furushi kwenye mashine zote mbili na ulinganishe. Intaneti ya bando huweza kukata upakuaji katikati, na faili pungufu ikabaki diskini kwa jina lile lile. Skripti nyingi huangalia tu kama faili ipo, zikaendelea nayo. Kwa Git, linganisha `git rev-parse HEAD`, kisha `git submodule status`, maana tawi linaweza kuwa moja na moduli ndogo zikawa tofauti. Ikitokea `/bin/sh^M: bad interpreter`, msimbo ulipita kwenye Windows na `core.autocrlf` ikabadilisha miisho ya mistari.

Hapa kuna mtego ambao huku kwetu unanasa wengi, kwa sababu tunapeana msimbo kwa flashi ili kuokoa data. Flashi yenye FAT32 au exFAT haihifadhi ruhusa za Unix wala viungo vya ishara, na haitofautishi herufi kubwa na ndogo. Zaidi ya hayo, `cp -r` hupa kila faili muda mpya kadiri inavyonakiliwa. Matokeo yake `configure` inaweza kuonekana ya zamani kuliko `configure.ac`, na `make` ikaamua kuizalisha upya kwa zana ambazo huna. Kosa utakaloliona ni `'makeinfo' is missing on your system` au malalamiko kuhusu `aclocal`. Mwenzako haoni kosa hilo kwa sababu kwake mihuri ya muda iko sawa, au kwa sababu ana texinfo na automake.

Dawa ni kubeba furushi la `.tar.xz` lenyewe kwenye flashi, kulithibitisha kwa `sha256sum`, na kulifungulia kwenye diski ya Linux. Ikiwa umechukua GCC kwa Git, endesha `contrib/gcc_update --touch`, ambayo hupanga upya mihuri ya faili zinazozalishwa.

Safisha vigeu vya mazingira

Jaribio hili ni rahisi na linafichua mengi. Fungua ganda tupu lisilobeba chochote kutoka kwenye `.bashrc`:

```
env -i HOME="$HOME" TERM="$TERM" LC_ALL=C PATH=/usr/bin:/bin bash --norc --noprofile
```

Jenga humo. Ikifaulu, mshukiwa ni kigeu fulani, nawe utampata kwa kuvirudisha kimoja kimoja. Wanaoongoza kwa lawama ni hawa. `LD_LIBRARY_PATH` yenye nukta pacha mwishoni, kwa mfano `/opt/lib:`, humaanisha saraka uliyomo, na glibc, maktaba kuu ya C ya Linux, hukataa kujengwa ikiiona. `CPATH` na `C_INCLUDE_PATH` huingiza heda (faili za `.h`) za mashine yako ndani ya kompaila mtambuka pia, kwa kuwa GCC ya lengo lolote husoma vigeu hivyo. Hatari kuliko zote ni pale ujenzi unapofaulu kwa heda zisizo zake, programu ikaja kuanguka kwenye kifaa. `LIBRARY_PATH` yafaa ifutwe pamoja nazo. `CFLAGS` yenye `-march=native` inafanya zana zilizojengwa kwenye prosesa mpya zife kwa `Illegal instruction` kwenye prosesa ya zamani. Na mazingira ya Conda yaliyowashwa yenye kompaila zake huweka `CC`, `CFLAGS` na `LDFLAGS` bila wewe kujua; yazime kwanza.

Angalia pia `type -a gcc ld ar as make`. Agizo hilo huonyesha nakala zote za kila zana kwa mpangilio wa `PATH`. Mashine moja ikichukua `ld` ya `/usr/local/bin` na nyingine ya `/usr/bin`, umeshapata tofauti.

Majina matatu, na swali ambalo `configure` hujijibu yenyewe

Kila ujenzi wa kompaila una mashine tatu: inayojenga (`--build`), itakayoendesha kompaila (`--host`), na ile ambayo kompaila itaitolea programu (`--target`). Kwa kompaila mtambuka ya kawaida mbili za kwanza ni moja. Kwa programu ya kawaida inayojengwa kwa ajili ya ARM hakuna lengo. ARM yenyewe ndiyo `--host`. Anayechanganya haya mawili atapata programu ya x86 iliyopewa jina la ARM, kwa hiyo pima matokeo kwa `file` kila mara.

Sasa sikiliza hili kwa makini, kwa sababu linaeleza kesi nyingi za "kwangu inafanya kazi". Ukiandika `./configure --host=aarch64-linux-gnu` bila `--build`, Autoconf (zana iliyozalisha `configure` hiyo) haiamini moja kwa moja kwamba unajenga kimtambuka. Hujiwekea `cross_compiling=maybe`, hutengeneza programu ndogo ya majaribio, kisha hujaribu kuiendesha. Ikikataa kukimbia, yaamua ni mtambuka. Ikikimbia, yaamua ni ujenzi wa kawaida.

Kwenye mashine nyingi programu ya ARM haiwezi kukimbia juu ya x86. Ila kama mtu aliwahi kusakinisha `qemu-user-static`, au aliandaa Docker ijenge picha za usanifu tofauti, kerneli imesajiliwa kupitia binfmt_misc kupeleka programu za ARM kimyakimya kwa QEMU, programu inayoiga prosesa nyingine. Maktaba za ARM nazo zikipatikana, au programu ikiwa imeunganishwa tuli, jaribio linakimbia. Tangu hapo `configure` hiyo inafuata njia tofauti kabisa na ya mwenzako, ikiendesha majaribio ambayo kwake yalirukwa. Angalia hivi:

```
ls /proc/sys/fs/binfmt_misc/
```

Ukiona `qemu-aarch64`, ndiyo hiyo. Huna haja ya kuiondoa. Taja `--build` na `--host` zote mbili, kila mara, hata pale unapodhani haihitajiki. Zikitofautiana, Autoconf huacha kubahatisha.

Baada ya hapo linganisha majibu yote ya `configure`. Mwishoni mwa kila `config.log` kuna orodha ya vigeu vilivyopatikana:

```
grep -E '^(ac|gcc|lt|am)_cv_' config.log | LC_ALL=C sort > mashine-A.txt
diff mashine-A.txt mashine-B.txt
```

Fanya hivyo kwenye mashine zote mbili. Mara nyingi `diff` inabaki na mistari michache tu, na mmojawapo ndio jibu. Kumbuka GCC ina `config.log` nyingi, moja kwa kila sehemu. Isome ile ya sehemu iliyokatika.

Mfano maarufu ni huu:

```
configure: error: cannot compute suffix of object files: cannot compile
```

Ujumbe huo hauelezi lolote. Hutoka kwenye `libgcc`, sehemu ya kwanza kujengwa kwa kompaila yako mpya. Fungua `aarch64-linux-gnu/libgcc/config.log` ndani ya saraka ya ujenzi, na mara nyingi utakuta `error while loading shared libraries: libmpc.so.3` au jina linalofanana nalo. Maana yake kompaila mpya ilijengwa vizuri lakini haiwezi hata kuwaka, kwa kuwa maktaba za hesabu za GMP, MPFR au MPC ziko `/usr/local/lib` na mfumo hauzijui. Mwenzako alizisakinisha kwa `apt`, wewe ulizijenga kwa mkono. Endesha `ldconfig` kama msimamizi, au, njia ninayoipendelea, ingia saraka ya msimbo wa GCC na uendeshe `./contrib/download_prerequisites`. GCC itazijenga yenyewe ndani yake, na tofauti hiyo kati ya mashine itakoma.

Kompaila ipi imelalamika?

Kwenye mradi mmoja kuna kompaila mbili kazini: ya mashine yako, inayojenga zana za msaada, na ile mtambuka. Soma amri iliyoshindwa uone inaanza na `gcc` au `aarch64-linux-gnu-gcc`. Kwenye kerneli ya Linux na U-Boot (programu ya kuwasha kifaa) ongeza `V=1` ili amri kamili ionekane.

Ikiwa ni `gcc` ya mashine, linganisha matoleo, kwani kila toleo kubwa huongeza ukali. GCC 10 ya mwaka 2020 ilifanya `-fno-common` kuwa desturi, na tangu hapo kerneli na U-Boot za zamani hukatika kwa `multiple definition of 'yylloc'` wakati wa kujenga `dtc`, mojawapo ya zana zao za msaada. GCC 14 ya 2024 iligeuza onyo la kuita fankisheni isiyotangazwa kuwa kosa kamili. GCC 15 ya 2025 ilihamia C23, ambamo `bool` ni neno la lugha na mabano matupu `()` yanamaanisha fankisheni isiyopokea kitu. Mwenye mfumo wa zamani haoni lolote kati ya haya. Tumia kiraka cha mradi husika kama kipo; la sivyo, ipe `-fcommon` au `-std=gnu17` kompaila ya mashine pekee.

Ikiwa ni kompaila mtambuka iliyolalamika, tazama glibc ya lengo. GCC za zamani hushindwa kwa `struct ucontext` zinapokutana na glibc 2.26 au mpya zaidi, na kwa `sys/ustat.h` kuanzia glibc 2.28 iliyoondoa heda hiyo. Ukiwa unachukua glibc ya ARM kutoka kwenye vifurushi vya Debian au Ubuntu, toleo lake linabadilika kila unapopandisha mfumo, hata kama skripti yako haijaguswa.

Mfumo wa faili na zana ndogo

Kerneli ya Linux ina heda `xt_TCPMSS.h` na `xt_tcpmss.h`, zote mbili halali na tofauti. macOS kwa kawaida haitofautishi herufi kubwa na ndogo, hivyo moja huimeza nyingine. Tengeneza sehemu ya APFS (mfumo wa faili wa macOS) inayotofautisha herufi. Kwenye WSL (Linux ndani ya Windows), jengea ndani ya nyumba yako ya Linux, kamwe si `/mnt/c`. Tena WSL huongeza njia za Windows zenye nafasi kwenye `PATH`, jambo ambalo Buildroot, zana ya kujenga mfumo mzima wa Linux, hulikataa; weka `appendWindowsPath=false` chini ya `[interop]` katika `/etc/wsl.conf`.

`/bin/sh` ni dash kwenye Debian na Ubuntu, ni bash kwenye Fedora; kosa la `[[: not found` hutoka hapo, kwani dash haijui `[[`. macOS inakuja na make 3.81 na sed ya BSD. Python 3.12 iliondoa `distutils`. Na ikiwa `/tmp` imewekwa `noexec`, majaribio yanayoendeshwa humo hukataliwa kwa `Permission denied`.

Kwa kompaila iliyopakuliwa ikiwa tayari, makosa mawili hutawala. `version 'GLIBC_2.34' not found` maana yake ilijengwa kwenye mfumo mpya kuliko wako: Ubuntu 22.04 ina glibc 2.35, Ubuntu 20.04 ina 2.31. Na `No such file or directory` kwa faili unayoiona kwa macho yako maana yake kipakiaji chake, yaani programu inayoiwasha, hakipo. Endesha `readelf -l` juu yake, utafute neno `interpreter`. Ikisema `/lib/ld-linux.so.2`, ni programu ya biti 32. Kwenye Ubuntu sakinisha `libc6-i386`.

Tofauti zikiwa nyingi

Badilisha kitu kimoja kwa wakati, upande wa mashine mbovu, na urudi saraka tupu kila mara. Kama bado hujaona, rekodi kila programu iliyoitwa na kila faili iliyofunguliwa:

```
strace -f -e trace=execve,openat -o nyayo.txt make -j1
```

Tafuta njia zinazoanza na `/usr/include` au `/usr/lib` ndani ya amri za kompaila mtambuka. Heda na maktaba za mashine yako hazipaswi kuingia kwenye programu ya ARM, ingawa kompaila yenyewe hufungua za kwake ili iwake. Thibitisha pia kwa `aarch64-linux-gnu-gcc -print-sysroot` na `-print-search-dirs`.

Ukishapata chanzo, kifunge. Kontena ni njia nzuri, mradi utaje picha kwa `@sha256:` badala ya lebo, maana lebo huhamishwa. Kwa crosstool-NG (zana ya kujenga kompaila mtambuka) au Buildroot, hifadhi `.config` kwenye Git pamoja na msimbo. Anza skripti yako kwa ukaguzi wa matoleo ya `make`, `gcc`, `bash` na `python3`, ikatae mapema na kwa maneno yanayoeleweka.

Jua tu mipaka ya kontena. Inatumia RAM ya mashine, idadi ile ile ya nyuzi, kerneli ile ile, na usajili ule ule wa binfmt_misc. Saraka iliyoletwa ndani kutoka macOS inaweza kuendelea kutotofautisha herufi. Kwa hiyo picha moja ikifaulu huku na kushindwa kule, rudi moja kwa moja kwenye vitu hivyo: RAM, `-j`, binfmt na mfumo wa faili.

Ukiomba msaada kwa wasimamizi wa mradi, wape kosa la kwanza na amri yake kamili, mstari wote wa `configure`, `diff` ya majibu ya mashine mbili, na matokeo ya `uname -a`, `gcc --version`, `ld --version` na `make --version` kutoka pande zote mbili.